Shangazi Maswali Hahesabiwi

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na binti wa Fundi Makochi, siku ile ya kwanza alipoingia kwao na begi lake la kazi, akaketi pembeni mwa kochi lililokuwa limepasuliwa tumbo, akauliza maswali mpaka chai ya wenyewe ikapoa. Mtoto alikuwa hajaanza hata shule. Alimtazama wee, kidole mdomoni, kisha akamgeukia mama yake: "Mama, huyu shangazi wa maswali anaondoka saa ngapi?" Mama huyo, ndiye Fundi mwenyewe, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Mgeni alicheka, na jina likamganda. Hata ofisini walipolisikia walilidaka, wakaacha lile alilozaliwa nalo lipumzike.

Kazi yake ilikuwa ya utafiti. Mji ule ulikuwa unabadilisha watu. Wazaliwa walikuwa wanazeeka, watoto wao wanahama, na katika nyumba walizoziacha walikuwa wanaingia watu kutoka mbali, na lugha zao na masufuria yao. Taasisi moja ikataka kujua: hawa waliokuja, wanapokelewa? Wanazoea? Ikachagua kaya za hao waliokuja, ya Fundi ikiwamo, ikamgawia kila mdadisi zake, na kila baada ya miezi mitatu mdadisi yuleyule anarudi kwenye mlango uleule na maswali yaleyale. Mwaka unaisha, mwingine unaanza, yeye bado anabisha hodi. Ni kazi ya kuchosha, ila ikishakuingia damuni haitoki.

Sheria za udadisi hazikuwa nyingi, lakini zilishikwa kama za jeshini. Mdadisi hapokei zawadi. Glasi ya maji inatosha. Mdadisi hatoi maoni. Na kubwa kuliko zote, mdadisi habishani na jibu. Mtu akikuambia ana umri mdogo kuliko mwanawe wa kwanza, unaandika, unashukuru, unasonga mbele.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: watu wa kaya hii, yaani mnaokula chungu kimoja, mko wangapi? Kwa Fundi jibu lilikuwa watatu siku zote: Fundi mwenyewe, mjane mwenye mikono migumu na sauti ya upole; mama yake, ambaye kila mtu alimwita Bibi; na yule binti. Swali la mwisho ndilo lililokuwa roho ya utafiti mzima. "Tangu tulipozungumza mara ya mwisho, kuna mzaliwa wa hapa aliyekuja nyumbani kwako, akaketi, mkazungumza?" Kama yupo, wangapi?

Miaka ya mwanzo Fundi alijibu "Hakuna" bila kuinua macho, misumari ameibana midomoni, nyundo ikiendelea. Shangazi Maswali aliandika sifuri na kila mara kitu kilimchoma kidogo chini ya mbavu. Halafu siku moja, hivi hivi tu, Fundi akasema, "Mmoja."

Shangazi Maswali nusura adondoshe kishikwambi chake, kile kibao cha kioo alichoandikia majibu. Sheria haimruhusu mtu kushangilia, kwa hiyo alimeza furaha yake na maji ya glasi. Mara iliyofuata, mmoja. Nyingine tena, mmoja. Ofisini mkuu wa utafiti, mzee mwembamba waliyemwita Asilimia kwa sababu hakuweza hata kuagiza chai bila kutaja sehemu za mia, alifurahi mno. Mstari ulikuwa unapanda, na si kwa Fundi tu. Kaya baada ya kaya, sifuri zilikuwa zinageuka kuwa moja.

Ila ukweli lazima usemwe. Furaha ya Shangazi Maswali haikukaa peke yake. Ilikuja na wivu. Huyo mmoja ni nani? Sheria ilikataza kuuliza. Basi akawa anamtengeneza kichwani: mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kujaza chumba, wa kuingia popote na kukaa kama kwake. Mtu wa aina ambayo yeye hakuwahi kuwa. Maisha yake yote hakuweza kwenda nyumbani kwa mtu bila sababu. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa na maneno. Yeye alikuwa anabeba mkoba. Mume alipokwenda zake, na mwanawe wa pekee naye akahamia nchi za watu, kazi hii ndiyo iliyomfungulia milango. Ukiwa na begi la maswali, kila mtu anajua umefuata nini.

Kwa hiyo alikuwa anamchunguza yule rafiki kwa jicho la pembeni. Aliona mwavuli wa bluu umetundikwa nyuma ya mlango, akajua ni wa huyo rafiki. Aliona kiti kidogo cha mikono, kimevishwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kazi ya mteja, kimewekwa karibu na dirisha, na hakuna aliyekikalia. Hata Bibi alikipita akaenda kukaa kwenye gunia la sponji. "Keti hapo, dada," Fundi alimwambia kila alipokuja, na Shangazi Maswali aliketi kwa ncha ya makalio, kama mtu aliyeazimwa kiti cha mwenye nyumba, akiogopa mwenyewe atatokea.

Ni Asilimia aliyeshtuka kwanza, na sifa yake apewe. Katika kaya chache mdadisi alikuwa ameacha kazi, akaja mwingine. Na kwenye kaya hizo hizo, jibu la moja lilikuwa limerudi kuwa sifuri. Mzee alilitazama hilo kwa siku kadhaa, akajikuna kidevu, kisha akawaita wadadisi wake wote. "Safari hii ongezeni swali dogo," alisema. "Huyo mmoja, msiulize jina. Ulizeni tu mlijuana vipi."

Shangazi Maswali alikwenda kwa Fundi. Hatimaye angemjua mwenzake. Alipofika kwenye swali la mwisho Fundi alisema "Mmoja" kama kawaida, naye akaongeza, "Na mlijuana vipi?"

Fundi aliacha nyundo. Akatema misumari kiganjani. Akamtazama kuona kama ni mzaha.

"Si ulikuja na begi?" alisema.

"Nani?"

"Wewe, dada. Ulikuja, uliketi, tulizungumza. Nimhesabu nani tena?"

Bibi, kwenye gunia lake, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, miaka yote hii ulidhani tunamsema nani? Hata mwavuli wako tunao, uliusahau siku ya mvua, tukajua mtu wa kurudi hana haja ya kuuchukua."

Shangazi Maswali alitazama mwavuli wa bluu. Ulikuwa wake kweli, na mpini una alama ya meno ya mwanawe alipokuwa mdogo. Halafu akatazama kiti alichokalia kwa ncha ya makalio. Akaelewa nacho ni chake. Aliteremka barabarani uso umemwiva kwa furaha na aibu, hajui amshike nani amwambie kwamba kwa miaka amekuwa akijionea wivu mwenyewe.

Ofisini furaha hiyo ilipata wenzake, na ndipo ilipogeuka. Wadadisi waliketi kuizunguka meza. Nesi, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuingia kwenye udadisi, alianza: kwake ni yeye. Mrefu, mwalimu mstaafu ambaye magoti yake hayakuwahi kuenea chini ya meza yoyote, akasema kwake pia ni yeye, kaya zote isipokuwa moja. Wakazunguka meza nzima. Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi.

"Nyani haoni kundule," Nesi alinong'ona, lakini hakuna aliyecheka.

Asilimia alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Tulitaka kupima kama mji umewapokea," alisema. "Tulichopima ni sisi wenyewe. Wanaowatembelea ni watu tunaowalipa kuwatembelea." Sauti yake haikuwa na ukali, na ndiyo maana iliuma. Kisha akaweka mambo sawa. Kuanzia sasa kabla ya swali la mwisho kutakuwa na sentensi moja: tafadhali usimhesabu mdadisi. Anayeweza kuisoma abaki na kaya yake. Asiyeweza, aikabidhi kwa mwenzake. "Na akishaikabidhi, akienda nyumba ile, aende kama mtu. Si kama taasisi."

Maneno hayo ya mwisho yalimtia Shangazi Maswali baridi. Aende kama mtu. Atabisha hodi aseme amefuata nini? Bila begi atashika nini mikononi? Akaona afadhali aisome hiyo sentensi. Ni maneno machache tu. Fundi ataelewa, ni mtu mzima, na yeye ataendelea kuja kila miezi mitatu, atakalia kiti chake, mambo yatakwisha.

Mambo hayakwisha. Aliisoma sentensi ile macho yakiwa kwenye kioo, haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

"Nisikuhesabu?" Fundi aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na wewe unasemaje?"

Angeweza kusema mengi. "Mdadisi hatoi maoni," alisema.

Fundi alirudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja. "Haya," alisema katikati ya misumari. "Andika hakuna."

"Mletee afisa maji," Bibi alimwambia mjukuu wake.

Afisa. Binti alileta glasi kwenye sinia, jambo ambalo halikuwahi kufanyika nyumba ile, akasimama kando akisubiri apewe glasi tupu. Shangazi Maswali alikunywa maji yote kwa sababu hakujua la kufanya. Alipotoka alimsikia mtoto akiuliza, "Kwani amekosa nini?"

Siku zile alikuwa hali wala halali. Nyumba yake ilikuwa kwenye maghorofa ya zamani ng'ambo ya barabara kuu, ambako nusu ya madirisha yalikuwa hayana mapazia tena. Ngazi aliyozoea kupishana na watu alipanda peke yake. Alifagia pasipo na vumbi. Akapika chakula cha mtu mmoja, akakitazama, akakifunika.

Jumapili mchana mwanawe alipiga simu, kama desturi yake. Walizungumza hali ya hewa ya huku na ya huko, kikohozi, kazi. Kisha Shangazi Maswali akajikuta anauliza.

"Mwanangu, tangu tulipozungumza mara ya mwisho, kuna mzaliwa wa huko aliyekuja nyumbani kwako, akaketi, mkazungumza?"

Mwanawe alicheka kidogo. "Mama, hayo si maswali ya kazini?"

"Nijibu tu."

Mama yake alimsikia akivuta pumzi upande wa pili wa dunia. "Kuna mzee mmoja," alisema mwishowe. "Anapanda huku juu kusoma mita ya maji. Huwa namkaribisha kahawa, anakaa kidogo. Mtu mzuri sana."

"Anakuja lini tena?"

"Mwisho wa mwezi, kama hajabadilishwa."

Shangazi Maswali alifumba macho. Alimwona mzee yule asiyemjua, na daftari lake la mita, amesimama mlangoni kwa mwanawe, ameshatumwa aseme: usinihesabu. Akahisi hasira ambayo hakujua anayo. Alitamani kumshika mkono mzee huyo amwambie, tafadhali baba, panda ngazi hizo hata siku isiyo ya mita. Alipokata simu alilia vizuri, akanawa uso, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Asilimia.

"Kaya ya Fundi mpe Mrefu," alisema.

Asilimia alimtazama juu ya miwani. "Una hakika?"

"Asilimia mia."

Mzee akatabasamu, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra kuliko ongezeko la bajeti.

Kukabidhi ilikuwa kazi ya ofisini. Kubisha hodi ilikuwa shughuli nyingine. Siku ya mapumziko alivaa, akavua, akavaa tena. Alifikiria kuchukua kitu cha kupeleka, matunda, sukari, chochote, kisha akajitambua: alikuwa anatafuta begi lingine. Akapiga moyo konde, akatoka mikono mitupu, na njia nzima mikono hiyo ilimsumbua, hajui aiweke wapi. Kwenye mlango wa Fundi alisikia nyundo ikigonga ndani. Akageuka kuondoka. Akarudi. Aliita hodi kwa sauti ambayo hata paka asingegutuka.

Binti ndiye aliyefungua. Alikuwa ameshakuwa msichana mrefu, na hakutabasamu. Alimkagua kutoka juu mpaka chini.

"Begi lako liko wapi?"

"Sikuja nalo."

"Basi umefuata nini?"

Hilo hapo. Miaka yote ya kuuliza, na sasa anaulizwa yeye. Nyundo ndani ilikuwa imenyamaza.

"Nimekuja kukaa," Shangazi Maswali alisema. "Kama nafasi ipo. Sina swali hata moja. Nilisoma ile sentensi kwa sababu niliogopa, sikuwa na njia nyingine ya kuja. Nimewakosea. Nimewakumbuka sana."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa mlangoni kwa mtu. Msichana aligeuka kumtazama mama yake. Fundi alikuwa amepiga goti sakafuni, na mbele yake kile kiti kidogo cha mikono kilikuwa uchi: kitambaa cha kijani kimechanwa, sponji imetolewa, imebaki mifupa ya mbao na mikanda inaning'inia.

"Nilikivua nikiuze," Fundi alisema. "Wateja watatu wamekitaka. Nikawa kila mmoja nampandishia bei mpaka akimbie."

"Nami nikamwambia atakufa maskini," Bibi alisema kutoka kwenye gunia. "Unasimama mlangoni unangoja nini, mwanangu? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tumekulea miaka bila jembe. Mpe nyundo huyo."

Hakupewa nyundo siku hiyo, maana Fundi hakuwa mwendawazimu. Alipewa kushika kitambaa. "Vuta, dada. Vuta zaidi, usikionee huruma." Akavuta mpaka vidole vikawa vyeupe, na Fundi akapigilia, na mikono yake ambayo njia nzima haikuwa na pa kukaa ikapata kazi. Walipomaliza upande mmoja ilikuwa saa ya kula, na hakuna aliyemuuliza kama atakula. Waliongeza sahani tu.

Wiki ile alirudi mara moja. Iliyofuata, mara mbili. Baadaye akawa anapitia hapo akitoka kazini, anaacha viatu mlangoni, anamsaidia binti hesabu, anagombana na Bibi kuhusu chumvi. Alijifunza kubana misumari midomoni bila kuimeza. Na kiti chake kilirudi dirishani, kimevaa kitambaa kipya cha maua mekundu ambacho yeye binafsi aliona kina kelele, lakini alikikalia kwa makalio yote.

Miezi mitatu ilipotimia, Mrefu alibisha hodi na begi lake. Alijikunja kupita mlangoni, akakaribishwa kochi, magoti yakamfika kidevuni. Alimwona mwenzake wa kazi amepiga magoti sakafuni nyuma ya sofa ya mteja, misumari tele mdomoni, akajifanya hamjui, kama sheria inavyotaka. Akafungua kishikwambi.

"Watu wa kaya hii, yaani mnaokula chungu kimoja, mko wangapi?"

"Wanne," Bibi alisema kabla Fundi hajafungua mdomo.

Mrefu alitazama kioo chake. "Mara ya mwisho mlikuwa watatu. Huyu aliyeongezeka amezaliwa, au amehamia?"

"Kwa umri ule atazaliwa vipi? Amehamia."

"Ametokea wapi?"

"Ng'ambo ya barabara kuu. Kwenye yale maghorofa matupu."

Nyuma ya sofa nyundo ilisimama.

"Na analala hapa?"

"Kulala anakwenda kwake, mbishi huyo. Lakini chungu ni kimoja. Si chungu ulichouliza?"

Shangazi Maswali alitema misumari kiganjani. Alitaka kueleza kwamba maana ya kaya iko ukurasa wa pili wa mwongozo, kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa, bibi yake alizaliwa hapa, na kwamba mstari wa Asilimia utavurugika upya. Mrefu aliinua kidole chake kirefu.

"Samahani mama," alimwambia kwa heshima, kama hawakuwahi kunywa chai pamoja. "Sijakuuliza wewe." Akaandika nne, kwa sababu mdadisi habishani na jibu. Kisha akasoma lile swali linalofuata, linaloulizwa kwa kila mhamiaji mpya wa kila kaya.

"Na huyu aliyehamia, mnaonaje? Anazoea?"

Fundi alicheka chini kwa chini. Bibi hakucheka. Alilichukulia swali kwa uzito wake, akamtazama Shangazi Maswali pale sakafuni, nywele zimejaa vumbi la sponji, akafikiri.

"Anajitahidi," alisema. "Mwanzoni alikuwa anabisha hodi. Siku hizi anaingia tu."

Mrefu aliandika. Shangazi Maswali alirudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja, akainamia kazi yake, na Fundi akamsogezea taa aone vizuri.